Haja Ndogo si Jambo Dogo



Sisi wauguzi tuna swali ambalo tunamwuliza karibu kila mgonjwa tunayempokea wodini, awe mtoto au mzee, awe amekuja kwa homa au kwa kuvunjika mguu: "Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?" Wengine hucheka. Wengine hutazama pembeni. Baba mtu mzima, akiulizwa na muuguzi mwenye umri wa binti yake, hujibu, "Huko hakuna neno, sista, mimi naumwa tumbo tu." Tukimgusa chini ya kitovu tunakuta kibofu kimejaa na kukaza. Hapo ndipo mkewe anaposema kwa sauti ya chini kwamba yapata siku mbili mzee anatoa matone tu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika kazi yetu tumeona kwamba magonjwa mengi ya njia ya mkojo hutibika vizuri, lakini wagonjwa hufika wakiwa wamechelewa. Mara nyingi si kwa kukosa nauli, bali kwa sababu ya aibu. Kwa hiyo mwezi huu tunaomba ruhusa ya kusema waziwazi juu ya mkojo na kibofu, ili kila familia ijue lililo la kawaida, lisilo la kawaida, na la kufanya.

MKOJO UNATOKA WAPI?

Kwa kawaida mtu huzaliwa na figo mbili. Zipo upande wa mgongoni, chini ya mbavu, na kila moja ina ukubwa wa ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu. Kwa mtu mzima figo huchuja kama lita 180 za majimaji kwa saa 24, yaani sawa na ndoo 9 za lita 20. Karibu maji hayo yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, kiasi cha lita 1 hadi 2, ndicho mkojo: maji, chumvi zilizozidi, na taka ambazo mwili hauzihitaji.

Kutoka kwenye figo mkojo hushuka polepole kwa mirija miwili membamba hadi kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo. Kikiwa kitupu hunywea, na kikijaa hutanuka. Mkojo ukifikia karibu robo lita, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo na mtu huanza kusikia haja. Mtu mzima huweza kuhifadhi hadi karibu nusu lita. Akiwa tayari, misuli ya kibofu hujikaza, misuli ya mlango hulegea, na mkojo hutoka.

Kwa hiyo kukojoa vizuri kunahitaji mambo manne: figo zinazochuja, njia iliyo wazi, misuli yenye nguvu, na mishipa ya fahamu isiyo na dosari. Kasoro inaweza kuwa katika lolote kati ya hayo manne. Ndiyo sababu si vyema kumpa mgonjwa wa mkojo dawa iliyomponya jirani yake. Dalili zinaweza kufanana huku chanzo kikiwa tofauti kabisa.

MKOJO WA KAWAIDA UKOJE?

Mtu mzima mwenye afya hukojoa mara 4 hadi 8 kwa mchana. Usiku anaweza asiamke kabisa, au akaamka mara moja. Wazee na wajawazito huamka zaidi. Mkojo hutoka bila maumivu, bila kukamua, na mtu akimaliza husikia nafuu.

Rangi yake ni ya njano iliyofifia. Ukiwa mweusi-mweusi kama chai ya rangi, mara nyingi maana yake ni kwamba hunywi maji ya kutosha. Kunywa maji, kisha utazame tena baada ya saa chache. Lakini ukibaki hivyo ingawa umekunywa, au macho yakawa ya njano, nenda hospitali, kwani huenda ini lina shida au damu inavunjika mwilini. Wapo pia ambao hushtuka bure. Wanaotumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hutoa mkojo wa rangi ya machungwa, na hilo si ugonjwa. Vitamini B huufanya kuwa wa njano kali, na viazisukari vyekundu vinavyoitwa bitiruti huweza kuufanya wekundu kwa siku moja.

Mkojo unaotoa povu jingi kila siku unaweza kuonyesha kwamba figo zinapitisha protini. Kwa mama mjamzito, hasa akiwa na miguu au uso uliovimba, kichwa kuuma na macho kuona giza, hiyo ni hatari ya kifafa cha mimba na hakuna kungoja siku ya kliniki.

Mtu anayekojoa sana mchana na usiku, ana kiu isiyokwisha na anakonda ingawa anakula, apimwe kisukari. Zamani watu walikuwa wakisema, "Tazama kama sisimizi wanafuata mkojo wake." Usiwangoje sisimizi. Kipimo cha tone la damu kidoleni huchukua dakika moja.

Kunywa maji ya kutosha, kiasi cha glasi 6 hadi 8 kwa siku kwa mtu mzima, na zaidi kwa anayelima juani au anayenyonyesha. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

USISHIKILIE MKOJO

Kibofu kimeumbwa kihifadhi mkojo kwa saa chache. Anayeushikilia kutwa nzima, kila siku, hukichosha kibofu na kuwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Tunawafikiria makondakta na madereva wa mabasi ya safari ndefu, wauza sokoni wasio na choo karibu, na hasa wasichana shuleni. Msichana akiona choo hakina mlango wala maji, huacha kunywa maji asubuhi na kujizuia hadi arudi nyumbani. Baadaye tunampokea akiwa na homa na maumivu ya kiuno.

Wazazi mlio kwenye kamati za shule, mlango wa choo na pipa la maji ni dawa ya kibofu. Na walimu wapendwa, mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda haja aruhusiwe.

MAAMBUKIZI YA NJIA YA MKOJO

Huu ndio ugonjwa ambao wengi huuita UTI. Mara nyingi huletwa na vijidudu wanaoishi kwenye utumbo mkubwa bila kudhuru, lakini wakiingia njia ya mkojo huleta maradhi. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume kwa sababu ya maumbile. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa kama sentimita 4 na iko karibu na njia ya haja kubwa. Ya mwanaume hufika kama sentimita 20. Kwa hiyo si haki kwa mume kumshuku mkewe, au mama kumshuku binti yake, kwa sababu tu amepatikana na UTI. Hata mtoto mchanga huupata.

Dalili zake ni kuungua wakati wa kukojoa, kwenda chooni kila mara na kutoa kidogo, maumivu chini ya kitovu, na mkojo wenye ukungu au harufu kali isiyo ya kawaida. Ukiongezeka homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya kiuno upande mmoja, maana yake ni kwamba maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Hapo mgonjwa aletwe siku hiyohiyo.

Sasa tuna neno zito kidogo. Siku hizi kila homa na kila uchovu huitwa UTI. Mtu anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vya siku mbili, anapata nafuu, anaacha. Mwezi ujao anarudia kwa dawa nyingine. Mwisho anaambiwa ana "UTI sugu". Mara nyingi ukweli ni mmojawapo kati ya haya: hakuwa na UTI hata mara ya kwanza, au vijidudu vimejifunza kuishinda dawa kwa sababu alikuwa anaikatiza. Dawa iliyozoewa na vijidudu haitamsaidia siku atakapoihitaji kweli, yeye wala mtoto wake.

Kwa hiyo pima kwanza. Na kipimo kina thamani tu kama mkojo umekingwa vizuri. Fanya hivi:

1. Nawa mikono, kisha nawa sehemu za siri kwa maji safi.
2. Anza kukojoa chooni. Mkojo wa mwanzo uache upite.
3. Kinga mkojo wa katikati kwenye kichupa ulichopewa na maabara. Usitumie chupa ya soda wala ya dawa ya kikohozi.
4. Usiguse ndani ya kichupa. Funga, na upeleke maabara mapema, usizidi saa moja.

Ukipewa dawa, zimalize zote hata kama maumivu yamekwisha siku ya pili.

Mama mjamzito apimwe mkojo kliniki hata kama hasikii maumivu yoyote. Katika ujauzito vijidudu huweza kuwapo kimyakimya, na wasipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye figo na kusababisha mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa wengine wengi, vijidudu visivyoleta dalili havihitaji dawa.

Njia za kujikinga ni rahisi: kunywa maji, usijizuie kwa muda mrefu, kojoa baada ya tendo la ndoa, na wafundisheni watoto wa kike kujitawadha au kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Sehemu za siri za mwanamke hazihitaji dawa za kuua wadudu, marashi wala majani ya kufukiza. Maji safi yanatosha. Vitu hivyo huondoa kinga ya asili na kuleta maradhi yaliyokuwa yanakimbiwa.

DAMU KWENYE MKOJO

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, kama vile vijiji vya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu, ukanda wa pwani, na visiwa vya Unguja na Pemba, watoto wengi wamewahi kukojoa damu. Zamani hata ilisemekana kwamba ni dalili ya mvulana kubalehe. Sivyo. Hicho ni kichocho cha mkojo.

Kichocho huletwa na minyoo wadogo wanaoishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyewagundua mwaka 1851 akiwa Cairo, Misri, na ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia bilhazia. Mayai ya minyoo hao hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo. Mgonjwa akikojoa bwawani au kwenye jaruba la mpunga, mayai huanguliwa, viluwiluwi huingia ndani ya konokono wa majini, hukua, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu yeyote anayeoga, kufua, kuvua au kulima humo. Kwa hiyo kila anayekojoa majini anapanda ugonjwa atakaouvuna mtoto wa jirani.

Damu ya kichocho mara nyingi huonekana mwishoni mwa kukojoa, kama matone. Mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na huo ndio wakati mzuri wa kuchukua kipimo. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito, na hutolewa pia shuleni wakati wa kampeni. Wazazi, msiwazuie watoto siku hiyo. Wapewe chakula kwanza, maana dawa hiyo ikinywewa na njaa huleta kichefuchefu. Kichocho kikiachwa kwa miaka mingi hukomaza kibofu, huziba mirija, huharibu figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana na akina mama mayai hayo huweza pia kujeruhi njia ya uzazi.

Mtu mzima anayekojoa damu, hata mara moja na hata bila maumivu, achunguzwe. Damu isiyo na maumivu ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu mtu husema, "Imekwisha yenyewe." Inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa jiwe, na inaweza kuwa saratani changa ambayo bado inatibika.

AKINA BABA NA TEZI DUME

Chini ya kibofu cha mwanaume ipo tezi inayozunguka njia ya mkojo. Kwa kijana haizidi ukubwa wa ndimu changa. Kadiri umri unavyosonga, tezi hii hukua. Takriban nusu ya wanaume wanaofika miaka 60 wana tezi iliyokua kwa kiasi fulani. Ikikua huibana njia, kama mtu anayekanyaga mpira wa kumwagilia bustani.

Mzee huanza kuamka usiku mara tatu au nne. Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa nguvu ndogo, hukatikakatika, na akimaliza anahisi bado upo. Hiyo si laana, si kurogwa, si matokeo ya ujana wake, na mara nyingi si saratani. Lakini kwa kuwa saratani ya tezi dume ipo na huweza kuanza kimya, ni vyema mwanaume aliyefika miaka 50 amwone daktari na kushauriana juu ya vipimo. Aliye na baba au kaka aliyeugua saratani hiyo aanze mapema zaidi. Tiba ya tezi iliyokua ipo: vidonge vya kulegeza njia, na upasuaji kwa wanaouhitaji.

Mzee mwenye dalili hizi awe mwangalifu na pombe nyingi na baadhi ya dawa za mafua za kununua dukani. Vitu hivyo huweza kuufunga mkojo kabisa kwa usiku mmoja. Mkojo ukifunga, tumbo la chini likivimba na maumivu yakawa makali, aletwe mara moja, hata kama ni usiku. Kumpa dawa ya mitishamba ya "kufungua mkojo", au kumlazimisha anywe maji mengi, ni kujaza ndoo ambayo tayari inamwagika. Anachohitaji ni mpira wa kutoa mkojo, na nafuu huja kwa dakika chache.

AKINA MAMA WANAOVUJA MKOJO

Wapo akina mama wengi ambao mkojo huwatoka kidogo wanapokohoa, kucheka au kuinua ndoo ya maji. Misuli inayoshikilia kibofu imelegea kutokana na uzazi na umri. Mazoezi husaidia, na hayana gharama. Kaza misuli ile ambayo ungeitumia kuzuia mkojo, hesabu polepole hadi 5, legeza, hesabu tena hadi 5. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kuyafanya umekaa ukichambua mchele na asijue mtu. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, ndiye aliyeyaeleza kwa wenzake mwaka 1948, na hadi leo yanafundishwa. Uvumilie miezi mitatu kabla ya kusema hayafai.

Tofauti kabisa ni yule ambaye mkojo humtoka wakati wote, usiku na mchana, baada ya uchungu wa muda mrefu. Huyo ana fistula. Kichwa cha mtoto kimebana kibofu siku nzima au zaidi, nyama ikakosa damu, ikafa, na pakabaki tundu. Mara nyingi mtoto naye amefariki. Mama huyu hubaki na msiba mara mbili, kisha harufu humfukuza kwenye kiti cha basi, kwenye kikundi cha akina mama, na wakati mwingine kwenye ndoa yake. Wapo waliokaa hivyo miaka 20 wakiamini kwamba ni adhabu.

Ndugu zangu, fistula si adhabu. Ni jeraha la uzazi, na hushonwa. Daktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya wagonjwa hawa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1974, na maelfu ya wanawake wamerudi makwao wakiwa wakavu. Hapa Tanzania upasuaji huo hufanyika katika hospitali kubwa kadhaa, zikiwamo CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Kama katika jumuiya yenu yupo mama aliyejitenga na watu bila sababu inayojulikana, mwanamke mwenzake amwendee taratibu, amwulize, na amsindikize hadi kituo cha afya kilicho karibu apewe rufaa. Na mama aliyeanza kuvuja siku chache baada ya kujifungua asingoje arobaini. Tundu dogo jipya huweza kufumba lenyewe mpira wa mkojo ukiwekwa mapema.

WATOTO

Mtoto mchanga anapaswa kukojoa ndani ya saa 24 za kwanza. Kuanzia kama siku ya tano, anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi angalau mara 6 kwa siku. Hicho ndicho kipimo bora cha mama anayesema, "Sina maziwa." Mtoto mwenye kuhara ambaye hajakojoa kwa saa 6, midomo imekauka na macho yameingia ndani, amepungukiwa maji. Anza kumpa maji ya chumvichumvi ya pakiti huku mkienda naye hospitali.

Na kikojozi je? Kati ya watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado hulowesha kitanda usiku. Wengi huacha wenyewe. Hawafanyi kwa uvivu. Wanalala fofofo na kibofu chao bado hakijakomaa, na mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo. Kumchapa, kumtembeza na godoro mgongoni au kuwaacha wenzake wamwimbie hakumkaushi. Humwongezea hofu, na hofu humwongezea mkojo. Apunguziwe vinywaji jioni, si mchana. Akojoe kabla ya kulala. Mkeka au godoro liwekewe plastiki. Asubuhi akikuta pakavu, asifiwe. Lakini mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi mingi kisha akaanza tena, au anayevuja pia mchana, aletwe apimwe. Huenda ni maambukizi, kisukari, au jambo zito lililomtisha ambalo hajathubutu kulisema.

KUMHUDUMIA MGONJWA NYUMBANI

Familia nyingi zina mgonjwa kitandani: bibi aliyepooza, babu anayengoja upasuaji. Haya ndiyo tunayowafundisha ndugu kabla ya kuwaruhusu:

(a) Mpe kopo au poti kila baada ya saa 2 au 3, na hasa baada ya kula na kabla ya kulala. Usingoje aombe. Wazee wengi huona haya kuwasumbua wajukuu.

(b) Usimnyime maji ili asiloweshe. Mkojo mzito huunguza ngozi na kukaribisha maambukizi.

(c) Fungeni pazia, watoke wasiohusika. Mtu akiona anatazamwa, mkojo hugoma.

(d) Akilowa, mwoshe kwa maji na sabuni kidogo, mkaushe vizuri, mbadilishie nguo. Ngozi inayokaa na unyevu hupata vidonda upesi. Wewe mwenyewe nawa mikono kabla na baada ya kumhudumia.

(e) Mwenye mpira wa mkojo: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usilazwe sakafuni. Mpira usijikunje. Osha sehemu unapoingilia kwa maji na sabuni kila siku. Mwaga mkojo kabla mfuko haujajaa, na usiutenganishe mpira na mfuko bila sababu. Kamwe usiuvute. Ndani ya kibofu una puto dogo lililojazwa maji, na ukivutwa huchana njia. Urudi hospitali kubadilishwa kwa tarehe mliyopewa, hata kama unaonekana mzuri.

(f) Pima mkojo kwa kopo la nusu lita na andika kwenye daftari. Mtu mzima aliyetoa chini ya nusu lita kwa saa 24 ana jambo, na daktari atawashukuru kwa daftari hilo kuliko kwa maelezo mengi.

Mzee ambaye ghafla ameanza kuweweseka na kutowatambua watu, msikimbilie kusema ni uzee. Mara nyingine chanzo ni maambukizi au kibofu kilichojaa.

USINGOJE, NENDA HOSPITALI

Leteni mgonjwa bila kuchelewa akiwa na lolote kati ya haya:

1. Ameshindwa kukojoa ingawa anasikia haja, na tumbo la chini limejaa.
2. Mkojo una damu.
3. Ana maumivu ya kiuno pamoja na homa na kutetemeka.
4. Mpira wa mkojo umeacha kutoa mkojo au unavuja pembeni.
5. Ni mjamzito na anaungua, amevimba, au kichwa kinamuuma sana.
6. Mkojo umepungua sana baada ya kuhara, kutapika au kuungua moto.
7. Amepooza miguu ghafla na mkojo umezuia au unatoka bila yeye kujua.

Wapendwa, tunajua lugha ya mambo haya ni ngumu nyumbani. Baba hawezi kumweleza binti, mkwe hawezi kumweleza mama mkwe. Basi tafuteni mtu mmoja katika ukoo anayeweza kuambiwa: shangazi, bibi, babu, au mjukuu ambaye utani naye unaruhusiwa. Mgonjwa akishindwa kabisa kutamka mbele ya watu, amwambie muuguzi kwamba angependa kuzungumza faragha. Tutafunga mlango. Hakuna utakalotuambia juu ya mkojo ambalo hatujalisikia, na hatutacheka.

Kama kuna aliyejitambua katika ukurasa huu, asisubiri toleo lijalo.